Rula Ndani ya Kishikio

Baba yangu, Papa Kabamba, hakunifundisha kupika pondu, kisamvu cha kwetu. Alinifundisha bastola. Jumapili, watoto wengine wa Anderlecht, mtaa wetu wa Brussels, wakitoka kucheza, mimi nilikaa mezani na kioo cha kukuzia, nikikagua bastola kuukuu za kijeshi alizokusanya: namba ya mtutu ilingane na ya silinda, weusi wa chuma uwe wa kiwandani, si wa kupakwa juzi. "Usiangalie bastola sura," alizoea kusema. "Somo la kwanza, fungua kishikio, utazame mu ndani. Uongo unajificha mule."

Basi msishangae kwamba mwaka 2011, Bertin alipokuja kuniposa, baba alidai bastola. Kwetu Katanga bunduki ya baba mkwe imo katika mahari tangu zamani, lakini Brussels nani atakuletea bunduki bila polisi kugonga mlango? Akataka ya kizamani, zile ambazo sheria iliruhusu zikae kabatini kama pambo. Sharti lilikuwa moja: iwe orijino, kila kipande chake cha kiwandani. Akileta ya kuungaunga, posa imevunjika. Na mimi nisimsaidie. "Aoe kwa macho yake," alisema. Ukaidi mtupu! Bertin alikuwa mlinzi katika jengo la ofisi kule Schuman; alijua milango, bastola hakuzijua. Aliuza pikipiki aliyoipenda karibu kama mimi, akazunguka masoko ya vitu vya kale miezi na miezi.

Siku ya mahari sebule yetu ilijaa. Tonton Donat, msemaji wa upande wa Bertin, alifunua kitenge, akaiweka mezani: bastola ya afisa wa jeshi la Ubelgiji, ya zaidi ya miaka mia. Bertin alikuwa anatabasamu huku jasho linamtiririka. Baba aliichukua, akaigeuza mara moja, uso ukambadilika. Kioo chake hakukigusa.

"Macho yangu leo inatoka maji," alisema. "Océane, angalia weye."

Nilishangaa. Baba huyu huona mkwaruzo kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini shangazi Victorine, msemaji wetu, alikuwa ameshanisukumia bisibisi.

Namba zililingana. Zililingana mno: kingo za tarakimu zilikuwa kali, kama zimegongwa upya. Nikafungua kishikio. Ndani, pale mti ulipopasuka, palikuwa na kibao chembamba kilichobandikwa kwa gundi, na juu yake vistari vidogo na tarakimu mbili, saba na nane. Ilikuwa rula yangu ya shule.

Tulipoibandika nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amenunua bastola hiyo, kisha akagundua kwamba amepigwa: nusu yake ilitoka kwenye bastola nyingine. Tuliziba ufa wa kishikio pamoja, rula nikaitoa mwenyewe, kwa fahari. Baadaye aliniambia bastola ameitupa ndani ya mfereji, maana kitu cha uongo hakilali nyumbani kwake. Nilimwamini, nikajigamba naye hata shuleni. Kumbe aliigonga namba mpya, akaiuza kama orijino, na mtu wa mwisho kuinunua ni mchumba wangu.

Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia zulia. Kuikataa aliogopa, kwa sababu muuzaji angekwenda kuulizwa aliitoa wapi. Kuisifia mbele yangu alishindwa. Basi akanitupia mimi.

"Alors, mutoto?" shangazi Victorine aliuliza. "Iko ya kweli ao iko ya uongo? Tupokee ao tuirudishe?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nikisema ya uongo, Bertin anakunja kitenge chake na kuondoka mbele ya ukoo mzima. Nikisema ilikotoka, baba anaaibika mbele ya wakwe, na hapo napo harusi hakuna. Nikisema ya kweli, nimekuwa kama yeye. Watu walikuwa wamebanana mpaka mlangoni. Hata pa kukimbilia nikalie hapakuwepo.

"Iko ya kweli," nilisema. "Tupokee, Papa."

Vigelegele vikapasuka. Baba alinipokonya bisibisi, akakaza skrubu za kishikio moja baada ya nyingine bila kukosea hata mara moja, yeye mwenye macho ya maji. Hakunitazama. Nami nilimchukia, na bado nilitaka anitazame.

Bertin alikuja kupiga magoti mbele yake, analia bila haya. "Papa, sikulala sababu ya hii bastola. Sasa miye pia nataka kujua kupima. Utanifundisha?"

Baba alikohoa. "Océane atakufundisha," alisema. "Anajua yote."

Tulioana. Kila Jumapili tunakula kwa baba, na kila Jumapili Bertin anaitoa kabatini bastola ile ya mahari, anaipangusa kwa shati, analeta bisibisi na kuniuliza somo la kwanza ni lipi. Baba huinuka kwenda jikoni kutafuta maji. Mimi humwambia Bertin tutaanza Jumapili ijayo.