Saa ya Baba Ilikuwa Inakimbia

— Mwizi! Mwizi mu nyumba ya kaka yangu! Umetosha moyo ya hii saa, umeuzisha, ukatia kamashini ka bure ndani!

— Tata, punguza sauti. Majirani ya parcelle yote banasikia.

— Basikie! Mi nataka basikie!

Mwenye kupiga makelele ni Tata Godefroid, mudogo ya baba yangu. Mi ni Sadrack. Nilimaliza masomo mwaka uliopita, diplome iko mu sanduku ya mama chini ya bikwembe yake ya kuvaa, na tangu pale kila mutu anayua kazi yangu kuliko mi mwenyewe. Mama anataka nikuwe mwalimu. Tata Godefroid anataka nibebe mifuko ku depot yake kule Mutoshi, fasi ananunuaka mawe ya bachimbaji. Na mi niko na miguu yenye haikalake fasi moja. Hata ibada sijamalizaka bila kutoka inje mara mbili. Kitu moja tu njo ilinikalisha chini mu maisha yangu, na ile kitu ilikuwa pa meza katikati yetu, juu ya kitambaa ya nappe ya mama: saa ya mukono ya baba.

— Sema sasa, akasema Tata. Jana nilifika ku comité ya kanisa saa tatu kamili. Kamili! Hakuna mutu. Nikafungula daftari, nikaandika batu kumi na moja kama banachelewa. Na pasteur ndani! Kisha banakuya mumoja mumoja, banacheka. Kumbe ni mi njo niko nusu saa mbele ya dunia muzima, na juzi tu niliipanga na saa ya radio!

Abigaëlle, dada yangu, alikuwa amesimama pa mulango na karanga mu mukono. Akacheka mpaka karanga ikamupita mubaya.

— Pasteur alisema nini, Tata?

— We nyamaza!

Mama hakucheka. Alikuwa anachambua matembele mu sahani, macho chini, na vile mama akiangaliaka chini, njo kitu inamuuma. Sababu ile asubuyi, mbele ya kukuya kwetu, Tata Godefroid alipita kwanza kwa Muzee Kabasele, akaniita mwizi kule. Na Muzee Kabasele akanipigia telefone.

Muzee Kabasele ni fundi ya masaa. Iko na meza yake pembeni ya soko, na vitre ya kioo mbele, na kiti mbili: moja yake, moja yenye ilikuwa bure tangu mutoto yake aende Kananga. Ile kiti ya pili alisema ni yangu kuanzia lundi, Jumatatu. Lundi ni kesho. Na sasa kwa telefone aliniambia pole-pole, vile anasemaka kila kitu:

— Sadrack, mutu akikuachia saa yake, anakuachia bila kuona ndani. Mi sifundishake mutu mwenye banaita mwizi. Kama ni uongo, tata yako aniambie kwa mudomo yake mwenyewe. Bila ile, usikuye.

Basi. Njo fasi tulikuwa.

Nitaeleza kidogo. Ile saa kampuni ilimupatia baba wakati alitimiza miaka makumi mbili na tano ya kazi. Alikuwaka na bageomètre, anabeba mikuki ya kupimia na busole ya kuonyesha kaskazini, anapima udongo kutoka hapa mpaka Kingamyambo. Nyuma ya saa balichora jina yake: KITENGE A. Wakati ilianza kuchelewa, baba mwenyewe, Mungu amurehemu, aliifungula na kisu na akatia mafuta ya ngazi, ile ya mawese. Mafuta ya ngazi, kama muko munatayarisha sombe! Ikatembea siku mbili, ikakufa. Kisha baba naye akakufa. Wakati ya kugawanya bitu, famille ya baba balikuya, balibeba kinga yake ya magurudumu mbili, radio, bakoti tatu, mpaka kiti ya kukunja. Saa, hakuna mwenye alinyoosha mukono. Saa ya kufa, ya nini? Ikalala miaka tisa mu kopo ya maziwa, pamoja na bifungo ya mashati.

Mi niliitosha mule siku moja sina kazi. Nikaipeleka kwa Muzee Kabasele nikazani atanifukuza. Akaifungula, akanusa.

— Hii saa inanusa chakula, akasema.

Miezi tatu! Tulitosha kila kipande, hata ile yenye ukipumua inapotea. Tulifua mu essence ya gari, tukatosha ile mafuta yenye ilikauka sawa colle ya kubandika. Ressort kubwa, springi yenye inasukuma yote, ilikuwa imevunjika, tukapata ingine mu saa ingine ya kufa. Mafuta ya kweli, unatiaka na ncha ya shindano: kidogo, kidogo, mpaka unazani haukutia kitu. Kwa uso yake kulikuwa na rangi ya kijani, sawa ile ya mawe ya shaba, karibu na sita. Nikataka kuipangusa. Muzee akapiga mukono yangu: «Acha. Ile ni miaka yake.» Na siku ilianza kulia, tik-tik-tik, nilikimbia nayo mpaka ku nyumba, mama akaitia ku sikio, akakaa chini pa udongo, na kikwembe yake mupya.

Kisha posho ile ile, siku saba hazijapita, Tata Godefroid akasikia habari. Akafika na cravate. «Kitu ya kaka yangu yenye iko muzima, inakuyaka kwangu. Njo desturi.» Mama akamupatia. Mi nikamuandikia tu karatasi: uiremonte kila asubuyi kwa kuzungusha kakichwa kake, uitoshe kwanza ku mukono, ukisikia inakataa uache, usioge nayo, vumbi, pangusa na kitambaa ya kukauka. Akatia karatasi mu mufuko bila kusoma.

Na leo njo mi mwizi.

— Abi, funga mulango, nikasema.

— Juu ya nini? Kuko joto.

— Vumbi. Nafungula saa.

Tata Godefroid akapiga mikono.

— Musikie! Mutoto ya Kolwezi anaogopa vumbi! Umekomeya mu vumbi, umekula vumbi, leo unafungiya vumbi mulango!

Abi akafunga. Nikatosha kakisu kangu, nikafungula mugongo ya saa. Nikaangalia. Kila kipande nilikiyua. Ile screw yenye nilikwaruza mwezi ya kwanza, Muzee akanigombeza siku muzima, iko pale na mukwaruzo yake.

— Ni yenyewe, Tata. Hakuna kitu ilitoka.

— Mi niyue namna gani? We njo unasema!

Kweli. Angeyua namna gani? Nikainama zaidi. Na pale njo niliona. Ndani ya saa muko karessort kadogo sana, kembamba sawa unywele, kanajizunguka, kanafunguka na kujifunga, njo kupumua yake. Mizunguko yake haifai kugusana. Sasa ya saa ya baba ilikuwa inagusana upande moja, sawa batoto banasukumana pa robinet ya kuchota mayi. Ikigusana, ressort inakuwa fupi. Ikikuwa fupi, saa inakimbia.

Muzee alinifundishaka: ni bitu mbili tu binafanya vile. Mafuta, ao aimant, ile chuma yenye inavutaka chuma. Mafuta hakukuwa. Nikainua kichwa.

— Tata, ku depot unashikaka nini na mukono ya saa?

— Ya kushoto? Kalamu ni ya kuume… Ya kushoto nashikaka aimant.

— Aimant gani?

Akanyoosha kifua. Pale alisahau hata hasira.

— Ee! Wale bachimbaji ni bajanja. Banatiaka bipande ya chuma mu mufuko juu ya kuongeza kilo. Mi nilitosha aimant mu baffle ya muziki ya zamani, kubwa hivi, sawa sahani. Napitisha ku kila mufuko, pole-pole. Chuma ikikuwamo, inaruka! Hakuna mwenye anaweza kunidanganya, mi!

— Mifuko ngapi kwa siku?

— Mia moja. Siku ingine mia mbili.

Nikacheka. Sikutaka, ilitoka yenyewe.

— Unacheka nani?

— Tata, tufanye hivi. Ukisema mi ni mwizi, nionyeshe mwizi. Lakini nikikuonyesha kama ni aimant yako njo iligonjesha saa, na nikaiponyesha hapa mbele ya macho yako, utamupigia Muzee Kabasele telefone. Hapa. Na saa inabaki mu hii nyumba.

— Na kama hauwezi?

Nikaangalia mama. Mama aliacha matembele.

— Kama siwezi, kesho asubuyi niko Mutoshi, nabeba mifuko.

— Sadrack! mama akasema.

— Acha, mama.

Tata akanyoosha mukono, tukapigana mikono. Alikuwa anacheka sawa mutu mwenye alishakula.

— Mama, niletee busole ya baba.

Akaileta mu kitambaa. Ile, famille haikuibeba. Balizani ni saa ingine ya kufa. Nikaitia pa meza. Shindano ikacheza, ikatulia, ikaangalia upande wa kaskazini, kwa jikoni. Nikamupa Tata saa.

— Karibisha we mwenyewe. Pole-pole, sawa na mifuko yako.

Akakaribisha. Shindano ikaacha jikoni, ikageuka yote, ikafuata saa. Akapeleka kuume, ikaenda kuume. Akapeleka kushoto, ikaenda kushoto. Na ilikuwa inatetemeka kidogo-kidogo, na tik-tik ya saa.

— Uchawi, Tata akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

— Ni aimant yako, Tata. Iliingia mu saa.

— Ile haikuwa mu karatasi yako!

Pale alinipata. Kweli haikuwa. Niliandika mayi, niliandika vumbi, sikufikiri mutu atapitisha saa juu ya aimant mara mia mbili kwa siku.

— Haikuwa, nikasema. Ile kosa ni yangu. Lakini kosa haiko wizi.

Abi, mwenye nilimuelezaka dawa ya aimant, alishatoka mbio bila mutu kumutuma, akarudi na Dady, jirani yetu. Dady anabobinaka mamoteur ya pompe, anazungushiaka waya mupya. Akaleta moja yenye haina kitu katikati, tumbo tu na bobine yake ya shaba, na fil ya umeme na ampoule.

— Courant ya umeme iko? nikauliza.

— Iko, lakini usiipe wakati ya kufikiri, Dady akasema.

Tukabranche ile fil. Ile tumbo ikaanza kuguruma, ampoule ikawaka. Nikatia saa ndani ya lile shimo, nikahesabu tatu, kisha nikaanza kuitosha. Courant inatikisaka aimant mpaka inatoka, lakini lazima saa iachane nayo pole-pole: hapo njo kazi yote. Ukiharakisha, umeharibisha. Mi, mwenye sijawahi kukaa, nilivuta ile saa pole sana, mukono ikanyooka mpaka mwisho, nikarudi nyuma hatua moja, mbili, mugongo ikagusa ukuta.

— Zima!

Dady akazima. Nikaitia pembeni ya busole. Shindano ikabaki inaangalia jikoni. Nikazungusha saa, nikaizungusha tena. Jikoni tu.

— Yesu, mama akasema.

— Bado! Tata akasimama. Bado! Shindano ni shindano. Mi nataka saa!

— Nusu saa kwa siku, Tata, ni sekonde kumi na mbili mu dakika kumi. Tosha telefone yako, ile ya bei, nipange saa nayo sekonde kwa sekonde. Uitie ilie kisha dakika kumi, tungoje.

Tukangoja. Batu batano kuzunguka meza, sawa pa matanga. Dakika ya tatu, ya ine. Tata aliangalia telefone, saa, telefone, jasho ikamushuka mu cravate. Dakika ya saba courant ikakatika, na Abi akanong'ona: «Imengoja Sadrack amalize.» Ya tisa. Sekonde ya mwisho Tata alikuwa anahesabu na mudomo bila sauti.

Telefone ikalia. Shindano ya sekonde ya saa ya baba ilikuwa pale pale, juu ya alama yake. Haikupita hata sekonde moja.

Abi akapiga kigelegele mpaka kuku ya jirani zikatawanyika. Dady akanibeba juu. Mama alikuwa anacheka na kulia na majani ya matembele mu mikono.

— Telefone, Tata, nikasema.

Akatafuta namba wakati murefu. Akageukia ukuta.

— Allo, Muzee… Ni mi, Godefroid… Ile maneno ya asubuyi…

— Hatusikie, Tata! Abi akasema. Sauti! Sawa ile ya kwanza! Parcelle inangoja!

Tata akamuangalia. Akavuta pumzi. Na, mumusifu, yule mutu akikubali anakubali yote: akapiga makelele mpaka barabara.

— Mutoto haiko mwizi! Ni mi njo niligonjesha saa, na aimant yangu! Ameiponyesha mbele yangu! Mutoto ni fundi, Muzee! Fundi!

Akasikiliza. Akanipatia telefone. Sauti ya Muzee ilikuwa pole-pole, sawa siku zote:

— Busole, ni wazo yako?

— Ee, Muzee.

— Kesho ni mbali. Kuya leo. Niko na saa ya sœur moja ya misioni hapa, inakimbia vile vile.

Tata alichukua saa pa meza. Akaigeuza, akasoma jina ya kaka yake na kidole. Nikazani atakataa. Kisha akanishika mukono ya kushoto, akanifungia mukaba yeye mwenyewe.

— Lakini mi pia utanitafutia yangu, akasema. Yenye haiogope aimant.

— Nitatafuta, Tata. Na ile utasoma karatasi yake.

Nikatia kakisu mu mufuko, nikaficha saa ndani ya mukono ya shati, sababu ya vumbi, nikatoka, nikafunga mulango.