Majina ya Malango ya Makomeoni

Ng'ambo ya milima ambayo wachora ramani huiruka kwa uvivu, ulikuwapo mji wa Makomeoni, uliozungushiwa ukuta mnene kama kiburi cha watawala wake na kutobolewa malango tisa. Malango hayo hayakuwa na majina ya kudumu. Kila alfajiri baragumu lilipolia, lango lililowahi kufunguka liliitwa la Kwanza, lililofuata la Pili, hivyo hivyo hadi la Tisa, na kesho yake yakaanza upya. Mizigo iliyofika bohari iliandikwa jina la lango tu, na wapagazi wa Makomeoni, watu waaminifu kupita kiasi, waliipeleka palipoitwa hivyo siku hiyo, hata kama walijua fika kwamba mwenyewe anaishi kwingine. Baragumu lenyewe lilipigwa uani kwa Mtukufu Tangulia wa Nne, hatua tatu kutoka lango lake. Basi kwa miaka arobaini ikulu ilikuwa ya Kwanza, vinono vyote vikaishia humo, na wakubwa wakawahubiria watu kwamba riziki ni ya wanaoamka mapema.

Bi Sihaba, bawabu wa lango dogo la mashariki, hakuutaka ukubwa huo. Yeye alitaka nafasi ya tatu, basi. Siku binti yake alipoolewa nchi ya mbali, lango lao liliangukia kuwa la Tatu, na jina hilo ndilo aliloondoka nalo. Kila Alhamisi ilifika kutoka kwake chupa ya dawa ya pumu ya baba yake, Mzee Shekue, mume wa Bi Sihaba, imeandikwa "Lango la Tatu". Kwa hiyo kila Alhamisi Bi Sihaba aliegemeza sikio ukutani, mkono kwenye komeo, akisikiliza bawaba za majirani zikilia: ya ikulu, kisha ya wafinyanzi, hapo ndipo aliposukuma. Akiwahi, dawa imepotea, akichelewa, imepotea. Mumewe alikuwa akimtania kitandani kwamba wake wa wenzake husikiliza umbeya ukutani, wa kwake yeye husikiliza bawaba.

Alhamisi moja ya baridi kali, pumu ilimkaba mzee baragumu likiwa linalia. Bi Sihaba alisikia bawaba ya kwanza, akasikia ya pili, na mkono wake ulikuwa mgongoni mwa mumewe, ukimsugua taratibu.

"Nenda kafungue," mzee akakoroma.

"Lango halinifii mikononi. Nyamaza upumue, mwenzangu."

Alipofungua, lango lao lilikuwa la Nane. Dawa ikaenda kwa watengeneza ngozi, waliokuwa la Tatu siku hiyo, ambao, kwa kuwa hawakuwa na mgonjwa, walimnywesha mbuzi. Naye mbuzi akapata pumzi ya kuuzunguka ukuta mzima mara saba bila kuhema.

Asubuhi hiyohiyo lango la ikulu nalo lilikwama kwa baridi, likafunguka la Sita. Joho la dhahabu alilofumiwa Mtukufu kwa miezi tisa likaenda kwa wafinyanzi, na kabla ya adhuhuri mmoja wao alikuwa akikandia udongo ndani yake.

Mtukufu akawaita mabawabu na baraza lake, akataka njia ya kuwa wa Kwanza milele. Baraza likashauri mabawabu wengine wawe wakilala wamefungwa kamba. Bi Sihaba, aliyekuwa binti wa mhunzi, akapiga goti. Hofu aliyoiacha kitandani nyumbani ilimfanya asiogope nyingine.

"Mtukufu, mtoto hapewi jina jipya kila anapoamka. Kila lango lilipofuliwa, marehemu baba yangu aligonga jina lake chini ya bawaba. Kutu tu imelifunika. Tuyasome, tuyaite hayohayo leo na keshokutwa."

"Na langu litakuwa la Kwanza?"

"Litakuwa lilivyozaliwa, Mtukufu."

Jibu likampendeza, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kitu chake kinaweza kuzaliwa kisiwe cha kwanza. Akapiga muhuri: majina ya bawabani yasigeuzwe na yeyote, hata na yeye mwenyewe.

Bi Sihaba akazunguka na ndimu na majivu, akisugua. La kwake likatokea Lango la Mkungu, akamwandikia binti yake jioni ileile. Alhamisi ya tatu alipitiwa na usingizi, kichwa begani kwa mumewe, akafungua wa mwisho mji mzima. Na dawa ilikuwa mlangoni, inamsubiri.

La ikulu ndilo lililosuguliwa mwisho. Chini ya kutu lilisomeka Lango la Jaa.

Wapagazi hawakucheka. Kesho yake walipanga foleni mbele ya ikulu, kila mmoja na kikapu cha taka kutoka jikoni mwa watu, na mkuu wao akainama kwa heshima zote kumuuliza Mtukufu amwagiwe ndani au uani. Mtukufu akautazama muhuri wake. Akaitazama foleni, iliyokata kona ya soko. Na nyuma kabisa, akiwa na kikapu chake kidogo, alisimama Bi Sihaba, akingoja zamu yake bila haraka.