Nguru wa Idi

Kila mwaka, siku ya tatu ya Idi, marafiki watatu walitoka Bagamoyo kwenda kuvua nje ya mwamba: Bwanaheri mwenye duka, Sadallah aliyekuwa baharia, na Mwinyijuma mwenye minazi. Hawakuvua kwa kuuza. Walivua kwa kushindana, na ada yao ilikuwa moja: atakayepata samaki mkubwa kuliko wote, samaki huyo hupikwa kwake siku ile ile, wenzake wakaja kula pamoja na watu wa nyumbani kwao.

Siku zile hata aliyeshindwa alifurahi Mwinyijuma akishinda, maana mkewe, Mwanamkasi, alikuwa na mkono wa kupika. Kwa nguru wake wa kupaka mtu alisahau adabu akalamba vidole mbele ya mkwewe. Naye mwenyewe hakula kabla ya kumpelekea jirani yao Bimdogo kipande chake, kimefunikwa kwa kawa.

Sasa Mwanamkasi hayupo. Homa ilimshika wakati wa masika, akalazwa kwenye mkokoteni apelekwe hospitali, wakafika mtoni daraja limechukuliwa na maji. Lilikuwa bovu siku nyingi. Wakubwa, wa Kiingereza na wa kwetu, walikuja kulitazama, wakavua kofia, wakavaa, wakaenda zao. Tangu hapo Mwinyijuma alikuwa na neno moja tu mdomoni. Nazi zikishuka bei, wakubwa. Paka akizaa darini, wakubwa. Jiko la uani alilifunga kwa komeo, akawa anakula kwa dada yake, na mgeni aliyekuja kwake aliishia barazani, akapewa maji, akaaga.

Idi hii hakutaka kutoka. Bwanaheri akamjia asubuhi na kumwambia amenunua mashine ya kufunga nyuma ya mashua, na asipokwenda kuiona atakuwa amemtukana. Akaenda, lakini moyoni ameazimia kutopata samaki. Akipata, watu watakuja, jiko litafunguliwa, na yeye hakuwa na ubavu wa kulitazama.

Walipouvuka mwamba wakaanza kurambaza, mishipi mitatu ikiburutwa nyuma ya mashua. Wenzake walitia vipande vya samaki kwenye ndoana. Yeye aliwapa mgongo, akachana kitambaa chake cheupe cha kufutia jasho, akafunga kipande pale pa chambo. Akaona amewaweza. Mtu wa minazi angejuaje kwamba nguru hukifuata kitu cheupe kinachokwenda mbio majini kuliko hata hicho chambo chenyewe? Sadallah alikiona kitambaa tangu kinafungwa. Akajikohoza, akatazama upande wa Unguja.

Walivua kwa masihara. Bwanaheri aliisifu mashine yake mpaka ikazimika, wenzake wakamwuliza kama nayo imekwenda kula Idi. Ilipowaka tena hawakwenda mbali kabla mshipi wa Mwinyijuma haujamchana kiganja. Nyuma huko nguru akaruka, mwili mzima juu ya maji, akaanguka kwa kishindo. Sadallah akasema huyo ndiye wa mwaka.

Mwinyijuma akauzungusha mshipi kwenye kigingi cha mashua, akachukua kisu.

"Unafanya nini, bwana we?" Bwanaheri akauliza.

"Nakata. Huyu si wangu."

"Wa nani, wa wakubwa?"

Hakuna aliyecheka. Mwinyijuma akasema wao wana wake majumbani, wavue wa kwao wakapikiwe, wamwache yeye na nyumba yake. Sadallah hakumnyang'anya kisu. Aliweka mkono wake juu ya mshipi, palepale kisu kilipokuwa kinakwenda.

"Niliposhuka melini sina hata shati, shemeji ndiye aliyenipakulia," alisema. "Umemzika, ukafunga jiko, ukatufungia na sisi nje. Hukutuuliza. Umekaa peke yako ukaamua, kama hao hao unaowatukana."

Mwinyijuma akashusha kisu. Mshipi ulitetemeka chini ya mkono wa rafiki yake. Neno lile lilimwingia pabaya.

"Toa mkono," akasema. "Nitamvutaje nawe umeukalia mshipi?"

Akamvuta mwenyewe, akiteleza, akitukana, damu ya kiganja ikimchuruzika hadi kiwikoni, mpaka Bwanaheri akampiga samaki kulabu wakampakia.

Alasiri komeo la jiko lilikataa kufunguka kwa kutu, akalivunja kwa jiwe. Chungu kilikuwa kifudifudi, kama Mwanamkasi alivyokiacha. Mwinyijuma alisimama nacho mkononi kitambo. Kisha akaomba mbuzi, akaikalia, akakuna nazi. Mke wa Bwanaheri alitaka kumpokea akakatazwa, akaachiwa vitunguu tu.

Upande mmoja nguru aliungua, upande mwingine tui lilikatika. Wakala wote, sinia moja wanaume, sinia moja wanawake. Sadallah akatoa mwiba mdomoni, akasema shemeji angekuwapo leo wangepigwa na mwiko, kuanzia mpishi. Mwinyijuma akacheka tui likimpalia, akapigwa mgongoni mpaka machozi yakamtoka, na hakuna aliyemwuliza ni machozi ya nini.

Alipotulia akachagua kipande kisichoungua, akakiweka kwenye sahani na kukifunika kwa kawa. Akatoka nacho pekupeku kwenda kwa jirani yake Bimdogo, akapiga hodi.