Kiti cha Kulipia

"Shangazi, ule mgahawa wa juu ni wizi mtupu," Tonge alisema asubuhi hiyo melini, huku akimenya yai alilopakuliwa na Shangazi. "Nauli umeshalipa, chakula kimo ndani ya nauli, halafu wanataka ulipe tena ili wakuletee kanyama kadogo kwenye sahani kubwa. Huku chini unakula mpaka uvimbe. Kwa hiyo leo jioni wewe kula zako huku, upumzike, usijisumbue na ngazi."

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Nani kakuuliza habari za mgahawa wa juu?"

Tonge akakodoa macho kwenye yai kana kwamba jibu limeandikwa humo. Jamani! Mtu hajaulizwa, tayari anajitetea. Na kamjaribu nani? Mwanamke aliyefundisha udereva tangu ujana wake, aliyekaa miaka yote hiyo kiti cha pembeni kwenye gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi, moja chini ya mguu wake. Wanafunzi walimwita Mama Breki, na si kwa mapenzi. Dereva anayetaka kukata kona bila kuwasha taa, Shangazi alimjua kwa namna anavyokaa tu.

"Ni hivi, Shangazi. Leo jioni kuna chakula kidogo huko juu. Cha wazazi. Wakwe ndio wameng'ang'ania. Wazazi wa pande mbili wakae, waseme maneno mawili matatu, basi."

"Wazazi wa pande mbili."

"Ndiyo."

"Na mimi ni nani, Tonge? Mpiga debe?"

"Aa, Shangazi, usianze. Wewe mwenyewe hupendi mambo ya uma tatu na visu vinne. Tumeona tusikusumbue."

"Tumeona! Mmeona wewe na nani? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mtoto wewe. Kula yai lako."

Akala yai lake. Angefanya nini? Jina lenyewe la Tonge alilipata kwa sababu utotoni hakuwa anakula mpaka Shangazi amkandie tonge na kumtia mdomoni kwa mkono wake. Mama yake alikufa naye akiwa hajajua kufunga vifungo vya shati. Baba yake, ambaye ni mdogo wake Shangazi, akamleta mtoto mlangoni na kimfuko cha nguo, akasema atamfuata mwisho wa mwezi. Hakusema mwezi gani. Mtoto akakulia kiti cha nyuma cha gari la mafunzo, kalala juu ya mto huku wanafunzi wakimrusharusha na klachi zao mbovu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na Shangazi kazi hiyo aliifanya bila mume, bila likizo, na mguu juu ya breki.

Hata sasa, mwanamume mzima mwenye ndevu, kila walipoingia ukumbi wa chini ambako chakula hupangwa kwenye meza ndefu na kila abiria hujihudumia, Tonge alikwenda moja kwa moja kukaa. Shangazi ndiye aliyepanga foleni na kumletea sahani. Siku ya kwanza melini mama mkwe aliliona hilo, akacheka meno nje macho kavu. "Mwalimu, bado unampakulia? Kaoa huyu!" Huyo mama ana maduka ya dawa yasiyohesabika, na hajawahi hata mara moja kumwita Shangazi mkwe mwenzangu. Ni Mwalimu tu, Mwalimu, kama anayemlipa kwa saa. Tangu siku hiyo yeye na mumewe hawakuonekana tena ukumbi wa chini.

Ndoa ilifungwa ofisini, kimyakimya, kabla ya safari, na safari hii ya meli ndiyo sherehe yenyewe. Shangazi alijilipia nauli yake mwenyewe, akashona gauni la kijani la hariri kwa ajili ya jioni moja tu, jioni ambayo mtu angesimama na kusema, huyu hapa ndiye mzazi wa bwana harusi. Basi. Hakutaka zawadi, hakutaka wimbo. Alitaka aitwe mara moja mbele za watu, akae, maisha yaendelee. Na sasa jioni yenyewe imefika, anaambiwa akale chini apumzike. Apumzike na nini?

Baada ya chai akapanda mpaka sitaha ya juu. Nje ya ule mgahawa kulikuwa na zulia na dada mmoja nyuma ya kimeza, kajipaka manukato mpaka unapiga chafya.

"Nataka kula hapa leo, kwenye meza ya maharusi," Shangazi akasema.

Dada akatazama kioo cha kompyuta yake. "Samahani, mama. Meza ile ni ya watu watano, na wote watano wameshathibitishwa."

Watano? Shangazi akawahesabu kichwani: bwana harusi, bibi harusi, mama mkwe, baba mkwe. Akarudia, wakabaki wanne vilevile.

"Wa tano ni nani?"

"Siruhusiwi kutaja, mama. Ninaweza kukupa meza ya mtu mmoja, iko jirani kabisa. Ila hapa kuna malipo ya ziada." Akataja bei, na Shangazi akakohoa. Kwa pesa hiyo alikuwa anamfundisha mtu mpaka anaweza kurudi nyuma kwenye uchochoro.

"Andika," akasema. "Mtu mmoja."

Jioni akavaa gauni la kijani na viatu vilivyombana, akapanda. Mgahawa ulikuwa mdogo, una taa hafifu na viti vya mahameli vyekundu. Mhudumu, kijana mwenye glavu nyeupe, akamkalisha kwenye kimeza kilichotosha sahani moja na hasira. Meza ya maharusi ilikuwa hatua chache tu mbele yake. Tonge alikuwa ameinamia orodha ya vyakula. Alipoinua uso na kumwona, alibadilika rangi.

Lakini Shangazi hakuwa anamtazama Tonge. Alikuwa anamtazama wa tano.

Suti ya kijivu. Kipara kinachong'aa. Masikio yale yale ya familia yao, yaliyosimama mbali na kichwa. Mdogo wake. Lo! Mwisho wa mwezi umefika!

Alitaka kulia, akaona kulia mbele ya yule mama mwenye maduka ni kumpa dawa bure, akajikaza kisabuni. Mhudumu akamletea sahani kubwa nyeupe, katikati kuna kipande cha nyama, juu yake jani moja. Kwenye hilo Tonge hakusema uongo.

Tonge akaja mbio, akainama sikioni kwake. "Shangazi, tafadhali. Naomba usiniaibishe."

"Mimi nimekuja kula."

"Nitakueleza. Walitaka kumjua baba yangu. Mama mkwe alisema binti yake haolewi na mtu asiye na ukoo. Nikamtafuta. Nikampata. Ningefanyaje?"

"Yumo humu tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Siku zote hizo! Siku zote hizo wao wanakula juu na huyo bwana, na asubuhi mtoto anashuka chini kupakuliwa mayai. Ndiyo maana mgahawa ulikuwa wizi, ndiyo maana ngazi zilikuwa ndefu. Asante ya punda ni mateke, lakini punda walau anapiga teke mbele ya macho yako.

"Rudi mezani kwako," Shangazi akamwambia. "Nyama inapoa."

Akarudi. Mama mkwe hakugeuza shingo hata kidogo, alikuwa akikata nyama yake kama anafanya upasuaji. Baba mkwe, mzee mpole asiyeruhusiwa kusema, alimpungia Shangazi mkono kwa chini, kidogo. Kisha glasi zikagongwa na mdogo wake Shangazi akasimama.

Alisema vizuri, hilo hatumnyimi. Sauti nene, mkono mfukoni. Akasema damu ni damu. Akasema baba ni baba hata akiwa mbali. Akasema kijana huyu kafanana naye kwa kila kitu, wakacheka. Halafu, alipomwona Shangazi pale pembeni, hakutahayari hata chembe, akamnyooshea glasi.

"Na ninamshukuru dada yangu, yule pale, aliyenishikia mtoto nilipokuwa nahangaika na maisha. Dada, asante kwa kunishikia."

Kunishikia! Kama kikapu sokoni. Kama nafasi kwenye foleni.

Shangazi akasimama. Kiti chake kikakwaruza sakafu na watu wa meza nyingine wakageuka.

"Nimekushikia?" akasema, na ile ilikuwa sauti ya barabarani, sauti inayosimamisha lori. "Ulimleta mtoto mlangoni kwangu na nguo zake kwenye mfuko, ukaondoka hata maji hujanywa. Homa zake ulizishikia wewe? Ada ulishikia wewe? Mla ni mla leo, mla jana kala nini! Kaa, ule. Wewe ndiye mla leo."

"Mwalimu," mama mkwe akasema bila kuinua macho, "tusiharibiane chakula. Watu tumelipia hapa."

"Na mimi nimelipia! Nimelipa bei ile ile uliyolipa wewe, mama, na pesa yangu haina harufu ya dawa. Kama hukutaka ndugu wa upande wetu ungesema, ungepewa huyu peke yake, umfunge utepe."

Hapo ndipo bibi harusi akamgeukia mumewe. "Lakini uliniambia Shangazi amekataa mwenyewe. Ulisema ameona bei akasema ni upuuzi kupoteza pesa."

Tonge alikuwa anakitazama kisu chake. Na hilo ndilo lililomchoma Shangazi kuliko suti ya mdogo wake na kejeli za mama mkwe. Yeye kaambiwa mgahawa ni wizi, na huku juu wakaambiwa yeye ni bahili. Uongo mmoja, kaukata vipande viwili, kila upande akaugawia chake. Kumbe mtoto alikuwa dereva mzuri kweli.

Akangoja. Akampa nafasi ya mwisho, kama anavyompa mwanafunzi aliyezima gari katikati ya njia panda: hupigi kelele, hugusi usukani, unangoja aliwashe mwenyewe. Tonge angeweza kusema neno moja tu. Meza nzima ilikuwa inamtazama, na kiti kingeweza kuongezwa, mhudumu mwenyewe alikuwa keshashika kimoja mkononi.

Tonge akakishika kisu, akaendelea kukata nyama.

Shangazi akachukua mkoba wake, akashuka zake ngazi zote, polepole kwa sababu ya viatu. Ukumbi wa chini ulikuwa bado wazi, una kelele za vijiko na watoto wa watu. Akapanga foleni na gauni lake la hariri, akajaza sahani wali na nyama na mboga na tunda, akakaa karibu na dirisha, akavua viatu chini ya meza. Akala. Chakula kilikuwa kitamu, na hasira haikumfunga tumbo, ashukuriwe Mungu kwa hilo.

Alikuwa amefika nusu ya sahani Tonge alipotokea, tai imelegea. Akavuta kiti cha mbele yake, akakaa.

"Shangazi, nisamehe. Wewe unajua. Wewe ndiye mama yangu, unajua hivyo."

"Mimi najua. Wao wanajua?"

"Watajua."

"Panda basi sasa hivi. Sogea pale mezani, uwaambie hayo maneno uliyoniambia. Hayo hayo, usiongeze. Nitavaa viatu nikufuate."

Tonge akatazama ngazi. Akajikuna shingo. Shangazi aliiona ile shingo, akaikumbuka ilivyokuwa nyembamba, akaachia moyo wake kidogo, kidogo tu.

"Kesho," Tonge akasema. "Leo wamechafukwa, Shangazi. Kesho asubuhi nitaongea nao vizuri."

"Haya."

"Umekasirika?"

"Ndiyo, nimekasirika. Nimekasirika sana."

Kwenye meza ya jirani mtoto alikuwa akigombania mkate na dada yake. Tonge akaitazama sahani ya Shangazi, akaitazama tena, akacheka kicheko kile cha kujipendekeza alichokuwa nacho tangu meno ya utoto.

"Kule juu hatukushiba hata kidogo. Nina njaa, Shangazi."

Mguu wa Shangazi ulishasogea chini ya meza kutafuta kiatu. Ulisogea wenyewe, kwa mazoea, kama unavyokwenda kwenye breki. Akausimamisha.

"Sahani ziko kule," akamwambia. "Huku chini kila mtu hujipakulia mwenyewe."

Tonge alingoja kidogo aone kama ni utani. Kisha akainuka, akaenda upande wa vinywaji, akarudi, akazunguka meza ya matunda, akasimama katikati ya ukumbi akigeuza kichwa huku na huku. Hakujua sahani zinakaa wapi. Zilikuwa nyuma ya nguzo, karibu na supu. Shangazi alimwona anavyohangaika, akavuta sahani yake karibu, akaendelea kula.