Dalili Zisizo Zake

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu, karani wa kumbukumbu za saratani alituma mafaili mia sita na kumi na mawili kwenye mtandao wa pamoja wa hospitali tisa. Majina yalikuwa yameondolewa, zikabaki namba. Namba 388 ilikuwa ya mama yake mzazi. Aliikagua mara tatu. Nyingine alizikagua mara mbili. Wenzake ofisini walimwita Bi Nukta, kwa kuwa aliwahi kumrudishia mganga mkuu ripoti nzima kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana.

Uvimbe aliokuwa nao mama ulikuwa wa aina adimu. Hospitali moja inaweza kumaliza miaka minne bila kuuona. "Kidole kimoja hakivunji chawa," daktari alisema alipoeleza faida ya mtandao. Saa tatu na dakika ishirini na sita, mtandao ulikuwa umewapata wanawake wengine watano wenye uvimbe kama huo, na mafaili yote sita, la mama likiwemo, yakawekwa pamoja.

Saa nne kamili mama alipiga simu.

"Mwanangu, kuna mtu ana kiu."

"Kunywa maji, mama."

"Nimekunywa vikombe vitatu. Kiu si yangu."

Daktari alimsikiliza, akampima presha, akaandika kwenye cheti: kiu ya mtu mwingine, ya wastani. Fundi wa kompyuta hakuona cha ajabu. "Ukiunganisha mafaili umeunganisha na wenye mafaili," alisema huku akikaza waya nyuma ya meza. "Mlitaka iweje?" Hospitali nyingine nazo zilitoa taarifa kama hizo, na mwisho wa mwezi kamati ya mtandao iliongeza kisanduku kwenye fomu: Dalili zisizo zake. Bi Nukta alikijaza kila siku.

Mama alikuwa fundi cherehani wa miaka arobaini. Sasa alikata kitambaa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mmoja wa wale watano alitumia mkono huo. Mama alimpa jina la Shoto. Mwingine alifanya kazi ya kusimama kutwa, na jioni miguu ya mama ilivimba. Wa tatu alikuwa na mtoto mchanga, hivyo kila saa tano asubuhi, mtoto alipolala, mama naye alisinzia juu ya cherehani.

"Nina wake wenza watano," aliwaambia majirani, "na mume hata wa dawa hayupo."

Mwezi wa pili wa mtandao, Shoto alianzishiwa dawa mpya. Alhamisi, saa nane mchana, mama alitapika mara mbili. Alhamisi iliyofuata ikawa vilevile. Kufikia wiki ya tano nywele zake zilikuwa zimenyonyoka zote. Uvimbe wa Shoto, kwa mujibu wa mtandao, ulikuwa umepungua nusu. Wa mama ulikuwa umeongezeka milimita sita.

Daktari aliomba dawa ile kwa ajili ya mama. Jibu lilikuwa na mistari miwili: mtandao unaishukuru hospitali kwa mafaili yake, dawa ni kwa hospitali zilizo kwenye orodha ya kwanza. Hospitali yao ilikuwa kwenye orodha ya pili, ya wachangiaji.

Jioni Bi Nukta alikwenda kwa mama na fomu ya kujiondoa.

"Tia sahihi hapa. Nitaliondoa faili lako, na Alhamisi utakula."

"Na Shoto?"

"Shoto ana dawa."

"Tunatapika watu sita. Nikitoka mimi watagawana watano, na mmoja wao ananyonyesha."

"Hilo halijathibitishwa, mama."

"Basi kathibitishe. Si wewe mwenye mashine?" Mama alimrudishia kalamu. "Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waje waubebe huu."

Alithibitisha. Ilimchukua siku mbili. Mwaka uliopita, kabla ya mtandao, Shoto alipewa dawa hiyohiyo ikiwa bado kwenye majaribio, akatapika mara kumi na mbili kwa siku, ikabidi isimamishwe baada ya dozi ya pili. Sasa alitapika mara mbili. Wote sita walitapika mara mbili mbili. Bila wale watano asingefika dozi ya tatu.

Bi Nukta aliandika ripoti ya kurasa nne, yenye majedwali, akapendekeza kwamba wanaobeba madhara ya dawa wapewe na dawa yenyewe. Kamati ilijibu siku hiyohiyo. Hesabu zilikuwa sahihi na kazi ilikuwa nzuri, ila kisanduku cha Dalili zisizo zake hakiingizwi kwenye uchambuzi.

Alirudisha fomu ya kujiondoa kabatini. Kuanzia hapo, kila Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku. Mkono mmoja ulishika beseni, mwingine ulishika paji la uso la mama.

Alhamisi ya dozi ya kumi na mbili, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, mama alikuwa hainuki tena kitandani. Siku tano hakuwa amemeza kitu kigumu. Alitapika saa nane, akatapika saa tisa. Saa kumi mtandao ulionyesha kwamba uvimbe wa Shoto hauonekani.

"Amemaliza?" mama aliuliza.

"Amemaliza. Amepona."

"Mpe hongera."

"Sina jina lake, mama. Nina namba tu."

"Basi ipe namba hongera."

Bi Nukta aliliandika neno hilo kwenye fomu, mbele ya namba ya Shoto. Fomu ililikataa, sehemu hiyo ilipokea tarakimu tu.

Saa kumi na moja na robo mdomo wa mama ulianza kutafuna.

"Shoto anakula," alisema. "Chungwa. Tamu, mwanangu."

"Kula taratibu."

Nyumba nzima haikuwa na chungwa. Bi Nukta alikinga kiganja chini ya kidevu cha mama, na mama akatema mbegu. Saa kumi na moja na dakika kumi na nane alitema ya pili.