Maharage ya Judica, Ghorofa ya Nne

Mlimwona. Wewe ambaye chumba chako kinatazamana na jiko, na wewe unayefulia soksi pale koridoni, mlimwona mama mwenye nyumba akizima moto chini ya sufuria ya Judica na kutoka akitikisa kichwa. Mkageuza shingo kama mnaosoma kitu ukutani. Mwaka juzi mpangaji mwenzetu Thadeo alipotolewa na mabegi yake mligeuza hivyo hivyo, na sijasahau nani alifunga mlango wake polepole usije ukalia.

Judica ni wa Same. Ananunua jinzi sokoni Xintang na sasa anangoja kontena lijae. Maharage anapika kama kwao: anayabandika, anapunguza moto, anashuka mtaa wa Dengfeng kwa watu wa kago, akirudi yameiva. Ila hapa akirudi anakuta moto umezimwa na maharage magumu kama kokoto. Anawasha, anaondoka tena. Alidhani ni mmoja wetu mwenye roho mbaya. Leo asubuhi mama mwenye nyumba, laoban kama tunavyowaita wenye mali wote huku, akamwonyesha mlango: kesho aondoke. Bila chumba hana anuani ya kuandikisha polisi, bila anuani viza haiongezwi, na jinzi zitabaki bila mwenyewe.

"Ni rangi yetu, Mwenyekiti," Humphrey, mpangaji mwenzetu, akaniambia. Ananiita hivyo kwa kejeli tangu nilipoongoza mgomo wetu wa maji.

"Mbona wewe hakufukuzi?" Judica akamuuliza.

"Mimi nakula mkate. Ananipenda kwa uvivu wangu."

Nikamfuata laoban na hotuba nzima kichwani. Kichina changu nimejifunza mwenyewe soko la vitambaa la Zhongda: rangi najua, mita najua, kukataa bei najua. Cha kumwambia mtu kwamba anadhulumu, sina. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akamshika Judica mkono, akatupeleka jikoni.

Akakata nyanya. Akapiga mayai kwa vijiti. Kila kitu kilipokuwa tayari kwenye bakuli ndipo akafungua mtungi wa gesi. Karai likafuka moshi, mayai yakaumuka, akayatoa. Nyanya, chumvi, sukari kidogo, mayai yakarudi. Akazima jiko, akainama kufunga mtungi, akaupiga kofi, akamtazama Judica kama mwalimu anayengoja jibu.

Mimi sikuelewa kitu. Tumekuja kudai chumba, tunapewa mayai.

"Kaka, hii bado mbichi," Judica akaninong'oneza baada ya kuonja.

"Meza tu."

"Nitaumwa tumbo."

Laoban alipogeuka kuosha vijiti, Judica akalirudisha karai juu ya jiko, akatia maji, akafungua mtungi, akawasha, akafunika, akapunguza moto. Kisha akaenda chumbani kwake kutafuta sahani.

Laoban akageuka. Akaliona karai linachemka, mpishi hayupo. Rangi ikamtoka usoni. Hakuzima. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya moto, akanyoosha kidole mlango wa Judica, akajigusa kifua, akaonyesha dirisha, jua linavyozunguka. Ndipo nikamwelewa. Judica akiwa Dengfeng, yeye hukaa hapo kulinda moto usio na mtu, na akichoka ndipo anazima.

Judica akarudi na sahani. "Amekasirika nini tena? Chumvi?"

"Unaacha moto peke yake, dada."

"Kwani maharage yatakimbia?"

"Mtungi utalipuka. Hapa si mkaa. Wao hawaondoki jikoni mpaka chakula kiive."

Akaweka sahani chini. "Na mlikuwa mnajua?"

"Kwa hiyo siyo rangi?" Humphrey akauliza kutoka mlangoni.

Sijui. Ya Thadeo siyaelewi mpaka leo. Inawezekana mambo yote mawili yanaishi nyumba moja. Nilimwomba laoban amwache Judica, nikaapa kwa ishara kwamba ataulinda moto. Akaonyesha milango yenu yote, mmoja mmoja, akakunja mikono. Nimemwelewa hivi: haamini kwamba humu kuna mtu wa kuangalia moto wa mwenzake.

Mpangaji mpya anakuja kesho asubuhi. Sasa hivi Judica ameketi mbele ya maharage yake, laoban amesimama mlangoni anatazama nani atakuja. Acha kusoma haya. Inuka, ingia jikoni, kaa naye mpaka yaive, na laoban akuone uso.