Weris Alivyomfuata Mumewe Garissa

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Kerrow alisimama kwenye lango la Deka na sufuria ndogo mkononi, akingoja maziwa ya ngamia. Deka aliinamisha jerikeni la manjano, akamimina, akapuliza povu pembeni.

"Kaburi la mkeo limeonekana Ukasi," alisema. "Dereva wa lori la mbuzi ameliona. Limelala kando ya barabara, upande wa kivuli."

"Upande wa kivuli," Kerrow alisema. "Basi ni yeye."

Akachukua maziwa yake, akarudi ndani kuchemsha chai.

Alikuwa amehamia Garissa wiki hiyo hiyo. Nairobi, huko Eastleigh, alikaa tangu ujana akikata nyama ya ngamia katika bucha ya mtu mwingine, mpaka wakubwa walipochora alama nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yao na kusema barabara inapita hapo. Tingatinga lilifika watu wakiwa bado wanakunywa chai. Barabara haijapita mpaka leo. Pana shimo tu, lina maji ya kijani, na ndani yake mbwa aliyevimba. Binti yake Bilan alikuwa amepata nafasi katika chuo cha walimu Garissa na kukodi vyumba viwili kwa Deka. Kwa hiyo Kerrow alifunga godoro kwa kamba, akapanda basi, akaliacha jiji bila kugeuza shingo. Alichoacha huko ni kaburi la mkewe, Weris, peke yake.

Weris alikufa hospitalini, kitanda chake kikiwa karibu kabisa na mashine mpya ya kusaidia watu kupumua. Mashine ilikuwa imefungwa utepe. Muuguzi alieleza kwamba haiwezi kuwashwa mpaka mkubwa fulani aje kuukata utepe, na huyo mkubwa alikuwa safarini. Weris aliutazama ule utepe siku nzima, kisha akaacha kutazama.

Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Eldas. Nyumba ya fito na mikeka aliijenga mwenyewe, akaifungua mwenyewe, akaipakia juu ya ngamia kabla wanaume hawajamaliza kubishana kuhusu njia. Kwao nyumba ni ya mwanamke, na mwanamume akihama bila mke hana pa kuingiza kichwa. Hata huko Nairobi alikuwa akiwaambia majirani kwamba nyumba isiyofungika kamba ni jela. Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba kaburi lake limetoka makaburini na kushika barabara ya Thika, hakuna aliyeuliza kwa nini. Watu waliuliza tu limefika wapi.

Hakuna aliyeliona likitembea. Lilisogea watu wakiwa wamesujudu, na walipoinua vichwa lilikuwa mbele kidogo. Lilihama tu pale Kerrow alipolala mahali pengine, na lilihama kama wafugaji wanavyohama, kwa vituo, likipumzika palipo na maji.

Kabla ya daraja la Tana lilizuiwa. Kerrow alipigiwa simu, akaenda kwa bodaboda. Alilikuta nje ya lami, tuta refu la udongo mweusi wa Nairobi juu ya mchanga mwekundu, nyasi zake bado mbichi. Askari kijana alikuwa amelizungushia mawe.

"Mzee, huyu ni wako?"

"Mke wangu."

"Kitambulisho chake kiko wapi?"

"Alipokufa mlikichukua."

"Sisi?"

"Nyinyi. Serikali si moja?"

Askari alikuna shingo. "Sasa nitajuaje kama si mkimbizi? Hapa wanapita watu wa kila namna."

"Amekufa, kijana."

"Hata wafu tunawakagua. Ni amri."

Wakiwa hapo lilipita lori la sukari ya magendo. Dereva alipunga mkono, na askari naye akapunga. Kerrow alitema mate chini, akatoa kitu kidogo, askari akakitia mfukoni bila kukitazama. Alasiri, askari alipokwenda kujisaidia kichakani, kaburi lilivuka daraja.

Likatua katika ua wa Deka, kati ya choo na mwarobaini. Deka alitoka na khanga mabegani, akalitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Karibu, dada," aliliambia. Kisha akamgeukia Kerrow. "Huyu simtozi kodi. Hamwagi maji, hatumii choo, wala haniulizi stima imekwenda wapi. Wangekuwa wote hivi, mimi saa hii ni hajjia."

Jioni Bilan alikaa kando ya kaburi akisoma masomo yake kwa sauti, maana mama yake hakuwahi kuingia darasani. Mpima ardhi, mpangaji wa chumba cha mwisho, alianika mashati yake juu ya kamba iliyopita hapo, na kila alipokuja kuyaanua alimsalimia Weris kwa jina. Kerrow hakutaka kitu kingine duniani. Pale alipo Weris, hapo hapo naye.

Kisha akaja Mheshimiwa Gelle katika gari jeupe la vioo vyeusi. Marashi yake yalishuka kabla yake, yakaingia kwenye chai za watu. Mikono yake ilikuwa laini na yenye majimaji. Ukishampa salamu, ulijifuta kwenye kikoi bila yeye kuona.

"Adeer Kerrow," alisema, maana alijua kumwita mtu mzima baba mdogo anapokuwa na shida naye. "Nyuma ya chuo pana ploti ya umma. Itajengwa zahanati ya kina mama kujifungulia. Lakini watu wa siku hizi wananyakua, hawana haya. Natafuta mlinzi mwaminifu. Pana chumba cha mabati, utakaa bure."

Kerrow alikuwa amechoka kula katika sahani ya binti yake. Akafikiri pia kwamba, kwa mwanamke kama Weris, kulala mahali ambapo wanawake watazalia si jambo baya. Alihamisha godoro Alhamisi. Ijumaa, msikiti mzima ukiwa umesujudu, Weris alivuka uwanja wa mpira wa chuo akaja kulala mbele ya chumba cha mabati.

Jumamosi walifika mafundi na saruji, nondo, uzio wa chuma na vigae. Vigae vilikuwa vya rangi ya waridi, vile vya vyoo vya hoteli.

"Sisi hatujengei makaburi," Kerrow alisema.

"Ni heshima tu, adeer," Gelle alisema. "Mama wa watu huyu."

Walimwaga saruji mpaka udongo wa Nairobi ukafunikwa wote. Kichwani wakasimamisha jiwe jeusi linalong'aa. Bilan alimsomea baba yake maandishi: hapa amelala Halima, bibi yake Gelle, mama wa ukoo, aliyezikwa katika ardhi ya baba zake.

Mambo yalikuwa hivi. Gelle alikuwa akidai kwa muda mrefu kwamba ile ploti ni ya ukoo wake tangu zamani, na wazee walikuwa wamemuuliza swali moja tu: makaburi ya watu wako yako wapi? Watu wake walikuja mjini juzi kama wengine, na walizikwa mbali. Sasa kaburi alikuwa nalo.

Wakubwa walikuja kulikagua kwa magari yao, wakakanyaga matope ya simiti wakilalamikia viatu. Gelle alilia. Alilia machozi ya kweli, kamasi ikashuka kwenye masharubu, akailamba, akaendelea kulia. Wakubwa wakainua mikono, wakamsomea Weris fatiha kwa jina la Halima. Chakula kilikuwa kinawangoja, kwa hiyo walisoma haraka. Kerrow alimfuata mpima ardhi, aliyekuja nao.

"Wewe unamjua huyu."

"Namjua vizuri. Hajambo?"

"Basi sema."

"Mzee, mimi nimetumwa kuangalia kama kaburi lipo." Akageuka kulitazama. "Lipo."

Wiki hiyo Kerrow alifunga godoro tena. Kumtoa Weris mikononi mwa yule mtu kulikuwa na njia moja, ile ile waliyoijua tangu Eldas. Kuhama. Alipanda basi la Habaswein, akafikia kwa binamu yake anayeuza chai kwenye kituo cha magari, akakaa kwenye benchi akitazama barabara ya kusini. Madereva wote waliambiwa waangalie.

Deka alipiga simu.

"Kerrow, mkeo ametoka."

"Alhamdulillahi."

"Ngoja kwanza. Ametoka na vigae vyake, na uzio, na jiwe. Anavuta polepole kama punda wa maji, vigae vinakwaruza mpaka meno yanauma. Na kila anapotua, asubuhi mpangaji wangu, yule mpima, anakuja na bikoni zake za mpaka, anazichimbia hapo. Anasema ardhi ya Gelle inafika lilipo kaburi la bibi yake. Uwanja wa mpira wa chuo umekwenda. Kibanda cha maji kimekwenda. Jana amefika langoni kwangu."

"Hali yake?"

"Amechoka. Nimemmwagia maji kidogo, maskini. Lakini tangu leo asubuhi mimi ni mpangaji wa Gelle, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe. Rudi, Kerrow. Ukikaa huko atakufikia, wallahi atakufikia, na atakuja na nchi yote mgongoni kwa yule mwizi."

Kerrow alirudi ndani ya lori la mbuzi. Alilala nje ya lango la Deka, na kaburi likatulia hapo hapo.

Deka akatoa wazo kwamba, kama Weris anaweza kwenda mbele, anaweza pia kurudi. Kerrow akahamia kulala upande wa mtoni, ng'ambo ya ile ploti ya kwanza, karibu na jaa ambako korongo wakubwa wenye vipara hula matumbo ya mbuzi na kujinyea miguuni. Weris alirudi. Alirudi kwa shida, akikwaruza njia nzima, akapita kibanda cha maji, akapita uwanja wa mpira, mpaka akafika alipoanzia. Kerrow akahamia tena kwenye chumba cha mabati ili asivuke hapo, kisha akamwita mpima ardhi aje kung'oa bikoni.

"Bikoni hazirudi nyuma, mzee," mpima ardhi alisema. "Kitaalamu haiwezekani."

Gelle akajenga hosteli za kukodisha kwa wanafunzi, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka kivuli cha majengo kikafunika kaburi. Zahanati haikujengwa. Wanawake wenye uchungu walipitishwa hapo juu ya mikokoteni ya punda kwenda hospitali ya mbali, na mmoja wao hakuweza kungoja, akajifungulia kando ya uzio, Kerrow akiwa ameinua shuka lake kumsitiri huku amegeuka upande mwingine. Askari wa hosteli za Gelle alitoka na ndoo. Alikuja kulalamika kuhusu damu kwenye vigae.

Bilan alimaliza masomo, akapangiwa shule Takaba, mbali kaskazini. Alikuja na begi lake, akakaa juu ya ukingo wa waridi.

"Aabo, funga godoro. Nimepewa nyumba ya mwalimu, ina vyumba viwili. Hooyo atatufuata."

"Mama yako kutufuata, hiyo ndiyo shida yenyewe."

Bilan alikwaruza kigae kwa ukucha.

"Wewe umesoma," Kerrow alisema. "Kutoka hapa mpaka Takaba kuna nini?"

"Kuna visima," Bilan alisema. "Kuna malisho. Kuna miji. Kuna watu."

"Basi nenda, mama. Mimi nitakaa hapa nimshike mama yako asitembee."

Alimsindikiza mpaka mwisho wa uzio tu. Bilan aliondoka peke yake na basi la asubuhi, na sasa hupiga simu mtandao unapopatikana.

Kila Alhamisi gari jeupe husimama mbele ya chumba cha mabati, injini ikiunguruma. Gelle mwenyewe hushuka na kufungua mlango wa nyuma. Baridi ya gari hutoka na yale marashi. Ndani mna godoro jipya, bado limo katika nailoni.

"Adeer, panda," husema. "Mtoto yuko Takaba peke yake. Baba gani wewe? Mafuta yangu, dereva wangu, na mkate wa njiani."

Kerrow hutandika mkeka wake kando ya kaburi, kichwa chini ya lile jiwe lenye jina la mwanamke mwingine. "Lala, Weris," husema, na Weris hulala.

Alhamisi iliyopita Gelle hakumsukuma sana. Alichuchumaa, akaweka ule mkono wenye majimaji juu ya bega la mzee, akauacha hapo.

"Hamna haraka, adeer," alisema kwa upole. "Hata ukifa tutakuzika Takaba, karibu na binti yako. Gharama zote juu yangu."

Kisha akafunga mlango wa gari taratibu, kwa adabu, akaenda kusali.